Kicheko cha Noreen Kubiak

Noreen Kubiak alikuwa na sura ya mtu asiye na neno, na kwa sura hiyo tume ya haki za binadamu ya mji wao, kando ya Ziwa Erie huko Marekani, ilimpa kibarua. Alikuwa amestaafu kazi ya jikoni shuleni. Miguu ilimuuma, mdomo haukumuuma kamwe. Kazi ilikuwa ya kujifanya: Noreen, Mzungu, anakwenda kuulizia nyumba ya kupanga, kesho yake anakwenda Loretta Gaines, mwanamke Mweusi wa rika lake. Kisha kila mmoja anaieleza tume alichoambiwa, ijulikane kama mwenye nyumba anabagua. Hawakuruhusiwa kuhadithiana kabla ya kesi, basi kila Ijumaa walikula samaki wa kukaanga kanisani kwa kina Noreen na kusengenya watu wengine kabisa.

Safari hii mlalamikaji alikuwa Vernita Oakes, mwanamke Mweusi, mfua nguo wa hospitali, aliyekuwa akilala na binti zake sebuleni kwa dada yake. Mwenye nyumba mmoja, Ray Dombrowa, alimwambia ghorofa ya juu imeshapata mtu, na tangazo bado liko dirishani.

Noreen alipokwenda, Dombrowa alimkaribisha kwa kahawa na donati.

“Wewe nimekuona tu, nikajua ni mtu wetu,” alisema. “Wale wengine, mama, hapana. Ukimpa mmoja funguo, Jumapili unakuta ukoo mzima barazani, na wewe mwenye nyumba unabisha hodi kwako!”

Kesho yake Loretta aliambiwa nyumba imeshapata mtu.

Mbele ya jopo la tume, Dombrowa aliruka kimanga. Alidai hakusema maneno hayo, na kwamba nyumba ilikuwa imepata mtu kweli. Wakili wake akamgeukia Noreen, mpole kama daktari wa meno.

“Mama Kubiak, wewe ni mpenda haki. Maneno hayo yalikuudhi?”

“Hayakuniudhi.”

“Basi hayakusemwa. Mtu kama wewe angeudhika.”

Noreen alimtazama Vernita, aliyekumbatia mkoba wake kama mtu aliye kituoni na mizigo. Kisha akamwona Loretta nyuma yake. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

“Yalisemwa,” alisema. “Mimi nilicheka.”

“Ulicheka ili usishtukiwe?” aliuliza mwenyekiti wa jopo, akimfungulia mlango wa kutokea.

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Noreen, uso umemwiva, hakupita.

“Hapana, mama. Yalinichekesha.”

Hapo wakili alifunga faili lake, kwani nani angejitungia aibu kama ile? Jopo lilimwamini. Dombrowa aliamriwa ampe Vernita ile ghorofa, na Vernita alimkumbatia Loretta akilia. Noreen akapewa mkono tu.

Nje, Noreen alifungua gari. Siku zote yeye ndiye aliyempeleka Loretta nyumbani. Loretta hakuingia.

“Mwenzangu, nisamehe,” Noreen alisema. “Naona haya mpaka najichukia.”

“Kwa Vernita umefanya la maana, sikunyimi hilo. Ila niambie kitu kimoja. Kwenu, mkikaa wenyewe kwa wenyewe, huwa mnacheka hivyo?”

Noreen aliwafikiria kaka zake, meza ya Krismasi, na mumewe marehemu ambaye Loretta alikuja kwenye mazishi yake. Angeweza kudanganya. Hapakuwa na kiapo pale, ila Loretta.

“Tunacheka,” alisema.

Loretta alitikisa kichwa, akafunga vifungo vya koti lake, akaenda kusubiri basi.