Maji ya Mgeni

Siku mbunge wetu alipotutaja bungeni nilikuwa kibarazani namenya karanga na wifi yangu, redio iko katikati yetu. Tulimjua kwa sauti. Mwanamke yule kazaliwa kijiji cha jirani, na akikasirika Kinyamwezi kinachungulia ndani ya Kiswahili chake. Alimwambia waziri kwamba katika zahanati yetu, huku Uyui, mama anakwenda kujifungua na mimba tumboni na ndoo ya maji kichwani, na asiyekuja na ndoo hana cha kuogea. Waziri akajibu kuwa serikali iko mbioni. Mbunge akasimama tena na swali la nyongeza: mbio hizo zinaelekea wapi, mbona hazijapita kwetu? Wabunge wakacheka. Je, waziri yuko tayari kufuatana naye akajionee kwa macho yake? Akasema yuko tayari.

"Waziri anakuja kwetu!" Wifi alirusha maganda ya karanga juu kama bibi harusi ndiye anayepita. Nami nilifurahi, tena kwa sababu yangu mwenyewe. Binti yangu wa mwisho alikuwa na mimba ya kwanza, na alikuwa amerudi kwangu kujifungua, kama ilivyo desturi. Nikasema moyoni, huyu angalau atazalia penye bomba la maji.

Bomba lenyewe lilikuwepo. Lilitoka kwenye tangi lililojengewa pembeni mwa zahanati ili likinge maji ya mvua kutoka paani. Masika linajaa. Kiangazi unaligonga linaitika ngo ngo ngo, tupu. Na waziri alikuwa anakuja kiangazi.

Mimi ndiye mkuu wa mapokezi hapa kijijini. Hakunichagua mtu, nimejikuta tu, kwa sababu nina sufuria kubwa na mdomo wa kuwaamrisha watu. Tulikaa kikao cha wanawake. Nani apike kuku, nani alete viti, nani apige ngoma. Yote yakapita vizuri, mpaka mmoja akauliza, mgeni akifika zahanati atanawa wapi? Huku kwetu, kwenye njia hii ya zamani ya misafara, mgeni anapewa maji kwanza, habari za atokako baadaye. Bibi yangu alikuwa akisema mgeni aliyeondoka na vumbi la mikono ni aibu ya nyumba nzima. Sasa waziri mzima, na vumbi lote hilo la kutoka Tabora mjini, tumshikie kopo mbele ya kamera?

Nikasema, "Jamani, tulijaze tangi."

Hakuna aliyebisha. Hata binti yangu na mimba yake alitaka kubeba, nikamfukuza. Siku nzima tulipanga foleni kwenda kisimani kule mbugani, tukarudi na ndoo vichwani tunaimba, vijana wakazipandisha kwa ngazi na kuzimimina. Wallahi, tulifurahi siku ile. Haikumpitia mtu yeyote akilini, wala mimi niliyelileta neno, kwamba tunamfukia mbunge wetu.

Waziri alifika na magari yake, vumbi limemvaa kama nilivyojua. Vigelegele, ngoma, maua. Mbunge akamshika mkono kama mtu anayempeleka mgonjwa kwa daktari, moja kwa moja hadi kwenye bomba. "Mheshimiwa, fungua mwenyewe."

Akafungua. Maji yakaruka, yakamlowesha viatu.

Watu wakapiga makofi! Ndiyo, tulipiga makofi, kama wajinga, tumefurahi mgeni wetu kapata maji. Waziri akanawa taratibu, anatabasamu, kamera zinamulika. Kisha akanigeukia mimi niliyesimama na taulo begani. "Mama, maji haya yanatoka siku zote?"

Mbunge naye akanitazama. "Mama yangu, mwambie."

Nilikuwa na nafasi. Neno moja tu lilitosha. Lakini kumwambia mgeni aliyekwisha kunawa kwamba maji yale yalikuwa maigizo, mbele ya watu, kabla hajala! Nikamnyooshea taulo. "Karibu chakula, mheshimiwa, kimeshaiva."

Waziri akacheka, akapokea taulo. Mbunge hakucheka. Alikula mezani pamoja nasi, akasifu kuku wangu.

Bunge lilipokaa tena, mbunge wetu aliuliza tena. Waziri akajibu kwa upole mkubwa kwamba alifika mwenyewe, akafungua bomba kwa mkono wake, maji yakatoka, na anamshauri mheshimiwa awe anatembelea jimbo lake. Loo, kicheko walichomcheka! Wifi akazima redio. Hatukutazamana.

Binti yangu alishikwa na uchungu kabla ya mvua. Nilimpeleka na ndoo kichwani. Muuguzi akaitazama, akasema haitoshi, mama, kalete nyingine. Nikaenda mbugani. Kisima kilikuwa kimeshuka, maji unayachota kwa kata na kusubiri. Nilichota nalia, namlaani waziri, kisha nikakumbuka nani aliyesema tulijaze tangi. Niliporudi mjukuu alikuwa amekwisha zaliwa bila mimi. Binti yangu alikuwa amelala kwenye damu yake, ananisubiri. Akasema, "Pole na safari, mama." Yeye ndiye aliyenipa pole mimi. Nilimwosha bila kumtazama usoni.

Juzi mbunge alikuja kwenye mkutano wa hadhara. Mzee mmoja, naye alipiga makofi siku ile, akasimama kwa kiburi chote kumuuliza amefanya nini kuhusu maji ya zahanati. Niliona aibu nikatamani ardhi inimeze. Mbunge angeweza kutuumbua sote. Akasema tu, "Labda sikuuliza vizuri. Nitauliza tena."

Mkutano ulipokwisha nikamfuata garini. "Shikamoo, mama," akaniwahi. Sikustahili shikamoo yake, nikaitikia marahaba hivyo hivyo, nikamwambia kuwa ndoo zile zilikuwa zetu na neno lilikuwa langu.

"Najua, mama. Niliziona zimefunikwa nyuma ya jiko, bado zimelowa." Akafungua mlango wa gari. "Hata mama yangu mzazi angejaza tangi lile."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nisaidie. Nimemwomba waziri aje tena, kiangazi hiki hiki, kabla mvua haijanyesha. Safari hii akute mambo yalivyo. Tangi tupu. Unaniahidi?"

Nikaahidi. Niliapa kwa mjukuu wangu niliyembeba mgongoni.

Gari likaondoka. Wifi alikuwa amesimama karibu, amesikia yote. Tulitembea kidogo, kisha akanivuta kanga na kunong'ona, "Sawa, tangi tupu. Lakini jamani, mgeni atanawa nini?"

Nilifungua mdomo nimkaripie. Kumbe, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaanza kufikiria ndoo tuziazime kwa nani.