Kaseti ya Wazima Moto Wawili

Siku hizi kuna watu wazima wanaotafuta kaseti za gemu za zamani kama wanaotafuta dhahabu, nami nimo katika kundi hilo la wendawazimu. Zile halali za kampuni sizitaki. Nazitaka za magendo, za manjano, zilizoundwa na watu wasiojulikana bila ruhusa ya yeyote, zikafika hadi mtaani kwetu Jericho nilipokuwa mtoto. Kibandiko kilikuahidi michezo mia tisa. Ukiifungua, ni ileile michache inayojirudia kwa majina mengine. Nje picha ya joka, ndani mbio za pikipiki. Ni nani aliyeketi mahali akatunga uongo huo wote? Natamani sana kumjua.

Majina halisi hatukuyajua, kwa hiyo kila nyumba ilibatiza yake. Sisi tulikuwa na Ya Ngazi: wazima moto wawili wamebeba ngazi moja, wanaruka kutoka paa hadi paa huku nyumba zikiwaka. Wakianguka, bibi kizee dirishani anawapungia kitambaa. Nakumbuka Baba, siku za Jumamosi, akimcheka bibi huyo mpaka anavua miwani.

Dada yangu mkubwa hataki kusikia habari hiyo. Anasema niliota. Baba yetu alikuwa karani wa reli, mtu wa kunyoosha gazeti kabla ya kulisoma. Kucheza gemu angeanzia wapi? Kila Krismasi nikiitaja, ananicheka mbele ya watoto wake. Baba na Mama hawapo tena wa kuulizwa. Lilibaki neno langu na lake, na mimi ni mbishi, lakini kadiri miaka ilivyokwenda nilianza kukitilia shaka kile kicheko cha Baba. Niliogopa kwamba labda nilijitungia baba.

Kwa hiyo nimewasumbua mafundi wengi. Utaulizaje kitu usichokijua jina? Naeleza ngazi, naeleza bibi, wananitazama kwa huruma. Mwezi uliopita fundi wa redio pale soko la Jericho alinisikiliza, akavuta katoni chini ya meza, akatoa kaseti yenye picha ya samaki. Akanionya kabla sijafurahi.

"Hii iko na shida, auntie. Ukiweka ya mtu mmoja inaganda. Inataka watu wawili."

Jumapili nikatoka kwangu, mtaa wa Tena, na mashine ya gemu kwenye mfuko, hadi Njiru kwa dada. Nilijaa ushindi, sifichi. Baada ya chai nikaiunganisha na televisheni yake. Ngazi ikatokea. Dada akaweka kikombe chini. Nilipochagua mchezaji mmoja, skrini ikaganda kama fundi alivyosema. Nikachagua wawili, nikashika padi zote mbili za kubonyezea, moja kila mkono. Haikuwezekana. Wale wazima moto lazima waruke kwa pamoja, wa mbele na wa nyuma, la sivyo wote wanaanguka. Bibi akapunga kitambaa chake, nami nikacheka peke yangu.

Dada aliniuliza kama hata zamani ilikuwa hivyo, ya watu wawili tu. Nikamwambia nadhani ndiyo, maana sikumbuki kuicheza peke yangu. Nilimwona akipanga mambo kichwani: yeye wakati huo alikuwa shule ya bweni, Mama kila Jumamosi alikuwa sokoni, na watoto wa jirani Baba hakuwaruhusu kuvuka mlango. Nikasubiri aseme kwamba nilikuwa sahihi.

"Kwa hivyo alikuwa anakaa chini na wewe," akasema. "Mimi alikuwa ananiuliza tu nimekuwa namba ngapi darasani."

Miaka yote nilidhani hakunisadiki kwa sababu ya ukaidi tu. Nilimhurumia, nikaona haya kwa jinsi nilivyoingia nyumbani kwake nikitaka kushinda. Televisheni iliendelea kulialia kimuziki chake. Baadaye akavua viatu, akashuka kutoka kwenye kiti, akaketi sakafuni kando yangu. Aliuliza Baba alikuwa akishika nani, wa mbele au wa nyuma.

Wa nyuma, nikamwambia. Siku zote wa nyuma.

"Basi nipe wa mbele," akasema, nami nikachukua padi ya Baba.