Nilichimba udongo chini ya zizi la Bibi Marta

Nimekosa, ndugu msomaji, na leo sitasingizia mvua. Watu wote wa huku kwetu Nambis wanaamini mvua ndiyo iliyobomoa zizi la Bibi Marta. Aliyelibomoa ni mimi.

Mimi ni mama wa nyumbani. Nina bustani ya sukuma wiki na spinachi, matuta machache na viroba nilivyovipanga kando ya ukuta. Udongo wetu umechoka. Ukimwagilia unaganda kama tofali, na miche inabaki ya njano, haikui.

Bibi Marta, mama mzee aliyefuga ng'ombe kwenye mteremko, juu ya nyumba yangu, alinionea huruma. Akaniambia nichukue samadi zizini kwake bure, niichanganye na majani, niifunike na niwe naigeuza mpaka ioze vizuri. Nikamwitikia. Lakini aliposema itachukua miezi, moyo ulikataa. Wenzangu wanavuna, mimi nikae nasubiri kinyesi kioze?

Chini ya zizi lake kulikuwa na ukingo mrefu uliotazama kwangu. Siku moja nikaugusa kwa jembe, ukamomonyoka udongo mweusi, laini, wenye minyoo. Samadi ya miaka yote ilikuwa imeteremkia pale. Nikajaza karai. Wiki ile ile nikarudi tena.

Mboga zilikubali, jamani! Majani mapana mpaka wapita njia wanasimama. Walioniuliza nikawaambia ni mboji. Nami nikazidi kuchimba kwenda ndani, mpaka pakawa kama pango. Nikiinama nazama mpaka kiunoni, na mizizi inaning'inia juu ya kichwa changu. Nikaziba mdomo wa shimo kwa matawi ili pasionekane.

Mvua zilipoanza, nikaona ufa. Ulipita juu ya ukingo, karibu kabisa na nguzo za zizi. Mwanzoni ulipitisha kidole tu. Baadaye ukapitisha mkono. Nikaacha kuchimba, lakini sikusema. Ningesema, wangeuliza udongo umekwenda wapi.

Bibi Marta naye aliona nguzo ya lango imeinama. Akashuka kwangu. Nikampa shikamoo, akaitikia akiwa ameushika mkono wangu.

"Mwanangu, wewe uko huku chini. Huoni kitu kwenye ukingo?"

"Sioni kitu, bibi."

Akanishukuru, akapanda kwake taratibu.

Ukingo uliporomoka asubuhi moja, bibi akiwa zizini anakamua. Nilisikia mngurumo nikadhani ni radi. Nilipotoka, ukingo haukuwepo. Zizi lilikuwa limelala juu ya matuta yangu, na ng'ombe mmoja analia chini ya matope. Tulimfukua bibi kwa majembe, kisha kwa mikono. Alikuwa hai, lakini nyonga imevunjika. Hakutembea tena. Akadhoofika kitandani, na kiangazi tukamzika.

Msibani nilipika siku zote. Watu wakanisifu kwa moyo wangu.

Ningeweza kunyamaza mpaka kufa. Ila ufa haukuishia zizini. Mvua za msimu huu zimekuja, nao unatembea kuelekea nyumba ya bibi, alimobaki mwanaye Daudi na mke na watoto. Jana nilipanda kuangalia, nikaukuta umefika kwenye ukuta wa jiko.

Nikamweleza Daudi yote, nimesimama mlangoni pake. Hakupaza sauti. Alimwita mkewe, akamwambia atoe watoto na nguo, waende kwa shemeji yake ng'ambo ya korongo. Kisha akanigeukia.

"Mama alipokuja kukuuliza, huo ufa ulikuwa umeshauona?"

"Nilikuwa nimeuona."

Akaingia ndani kubeba godoro. Hajasema nami tena, na sijui kesho atamwambia nani.

Naandika haya mvua ikinyesha. Nyumba ya juu haina mtu, na kila baada ya muda nasikia udongo ukidondoka.

Wewe unayetafuta udongo mzuri wa matuta au viroba vyako, laza samadi, igeuze, subiri ioze, hata kama msimu utakupita. Usichimbe chini ya mtu. Na kama umeshachimba, nenda kamwambie leo, wakati bado ana miguu ya kuondokea.