Tofali Lililoshiba Chumvi

Geng Suhua hakununua kitu bila kukigonga. Liwe tikiti, mtungi au bakuli, alikunja kidole, akagonga mara mbili, akainamisha kichwa kusikiliza. Binti yake Yinping, alipokuwa mdogo, alikuwa akijibanza nyuma ya mafungu ya kabichi ili wauzaji wa soko lile la Nanjing wasijue kuwa yule ni mama yake.

Tabia hiyo aliambukizwa na mumewe, Deshun, naye Deshun aliitoa ukutani. Katika miaka ya hamsini, sehemu ya ukuta mkongwe wa mji ilipobomolewa, yeye alikuwa kijana wa sururu katika kikosi cha wabomoaji. Kila mtu alijibebea matofali, huyu ya jiko, yule ya banda la nguruwe. Deshun aligonga mengi mpaka akapata moja lililolia kama kengele, akalitwika begani hadi kwa mchumba wake.

"Wenzio huleta kitambaa," Suhua alimwambia. "Wewe unaniletea tofali."

"Kitambaa kitachakaa kabla yako."

Ubavuni mwa tofali palikuwa na maandishi ya mhuri: wilaya, karani, mkuu wa tanuri, na mwisho kabisa mfyatuaji, Ao Kumi na Tatu. Enzi ya wafalme wa Ming ilipoinuka, zaidi ya miaka mia sita iliyopita, tofali likipasuka walijua wa kumshika. Kwa zaidi ya miaka ishirini matofali yalishuka mtoni katika mashua za nafaka, hadi ukuta ukauzunguka Nanjing, mji mkuu wa wakati huo. Siku hizo fukara aliitwa kwa namba tu. Hata mfalme wa kwanza, yatima aliyewahi kuombaomba na bakuli mkononi kabla ya kuwafukuza Wamongolia, alizaliwa akiitwa Nane Mara Mbili.

"Nane Mara Mbili kapata kiti cha enzi, Kumi na Tatu kapata matope," Deshun alipenda kusema wakinywa uji. "Lakini jina la nani liko jikoni kwetu?"

Kwa karibu miaka sitini tofali hilo lilikandamiza mboga za kuhifadhi kwa chumvi mtungini mwa Suhua. Yinping anaukumbuka ua wao wa zamani, ambao sasa haupo: baridi ikiingia, mboga zilianikwa kwenye kamba kama nguo, majirani wakichunguliana nani kanunua nyingi. Kisha mama yake aliweka tofali juu ya ubao wa mtungi, na kishindo kile kidogo ndicho kilichomwambia mtoto kuwa mwaka unakwisha.

Deshun alipokuwa anakufa aliomba jambo moja. "Lirudishe, Su. Nilibomoa mengi. Walau moja lirudi."

Suhua aliahidi, kisha akakaa nalo miaka sita. "Nikilitoa," alimwambia Yinping, "humu ndani kutabaki nini chake?" Alipotimiza themanini, moyo ukaanza kumsumbua, akaona hofu ya kufa na ahadi shingoni ni kubwa kuliko upweke. Wakalipeleka kwa mafundi waliokuwa wakiukarabati ukuta.

Fundi Cai aliligonga, akatabasamu. Kisha akaramba pembe yake.

"Bibi, hili siwezi kulipokea. Limeshiba chumvi. Nikilijenga, chumvi italila pamoja na majirani zake."

"Mimi nimekula chumvi kulishinda, na majirani zangu wazima."

Fundi alicheka, ila hakulichukua. "Liloweke. Badilisha maji kila siku. Chumvi ikiisha, lilete."

Basi likawekwa kwenye beseni bafuni. Kila asubuhi Suhua alimwaga maji, kila jioni aliramba pembe, akatema, akasema, "Bado."

"Mama, watu watasema umeanza kula nyumba."

"Waambie nimeanzia msingi."

Baridi ile mboga zilikandamizwa kwa ndoo ya maji. Suhua alionja, akasukuma bakuli pembeni. Masika yalipofika miguu ilimgomea, ikawa Yinping ndiye anayebadilisha maji na kumpelekea tofali kitandani alirambe. Joto la kiangazi lilipopanda, hata kichwa hakukiinua tena. Yinping alilianika tofali barazani nusu mwezi.

Leo limo ukutani. Fundi Cai alilijenga juu sana, maandishi yakitazama nje, na Yinping akinyoosha mkono halifikii.

Lakini kabla ya hapo, alasiri ya mwisho ya uhai wa mama yake, Yinping alilileta chumbani, likiwa kavu na jepesi kuliko alivyolizoea. Mama yake alifumbua macho.

"Bado?"

Yinping hakuwahi kuliramba maishani. Aliinama, akagusa pembe kwa ulimi, akangoja.

"Hamna kitu, Mama. Udongo mtupu."

"Basi ligonge, nisikie."