Waziri na Mkewe Kwenye Mafuta

Mwezi uliopita ofisi yetu ilitupeleka kunywa chai ya asubuhi kwenye hoteli moja kubwa hapa Doha, na kabla sijaona chochote nikanusa unga unaokaangwa kwenye mafuta mengi. Ilikuwa wiki ya vyakula vya China. Nikaifuata harufu mpaka meza ya mwisho, na hapo nikaviona: vijiti vya unga vilivyoshikanishwa viwili viwili, vimeumuka, vina rangi ya asali, kila jozi ina urefu wa mkono wa mtoto. Mbele yake palikuwa na kadi ya maandishi ya dhahabu. Eti hivi ni Vijiti vya Mapenzi, vilivyobuniwa na mpishi wa mfalme kwa ajili ya maharusi, ili wasiachane kamwe.

Ndugu zangu, nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Mapenzi gani? Nilimwita mhudumu, mama mmoja wa Kiganda, nikamwambia kadi ile ni uongo mtupu. "Madam, mimi naleta chai tu," akanijibu, na kweli kosa halikuwa lake. Lakini wale wawili hawakuwa maharusi. Nawafahamu. Niliwala nikiwa na miaka tisa, mtaani Najma, na nilijua walikuwa akina nani na walifanya nini.

Mama yangu alikuwa muuguzi, na tuliishi wawili tu kwenye ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu, juu ya duka la fundi cherehani. Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa Mei, tuliyesoma naye darasa moja, na bibi yake. Mei alimwita Nainai, ndivyo Wachina wanavyomwita bibi mzaa baba, nami nikafuata hivyo hivyo. Mama alipokuwa zamu nilishinda kwao. Nainai alitoka mji wa Hangzhou, wenye ziwa, na sidhani kama alipata kuisamehe Doha kwa kukosa ziwa. Hasira zake alizimalizia jikoni.

Kwa Nainai hakikuliwa kitu bila kujua kilikotoka. Alikuwa akisimulia kwa Kichina, Mei anatafsiri huku mdomo umejaa, na mimi ninangoja kwa sababu sahani haikusogezwa kwangu mpaka hadithi iishe. Kulikuwa na vipande vidogo vya tambi, kama masikio ya paka: mfalme alikuwa ziwani, mvua ikamkamata, akasikia njaa, na kwenye mashua ya mvuvi hapakuwa na kijiti cha kusukumia unga, basi mjukuu wa mvuvi akaufinya kwa vidole. Kulikuwa na keki za mchele za rangi ya waridi, zenye maharagwe matamu ndani, ambazo watu wa Hangzhou waliwapikia askari wakienda vitani kuwatakia ushindi. Askari hao walikuwa wa jenerali mmoja shujaa sana. Na huyo jenerali ndiye aliyetufikisha kwenye vijiti.

Alikuwa anashinda vita, akasimulia Nainai, na waziri mkuu hakupenda. Basi akamsingizia uhaini, akamtia gerezani. Watu wakauliza, kosa lake ni lipi hasa? Waziri akajibu: huenda lipo. Ni hilo tu. Jenerali akauawa kwa hiyo "huenda". Muuza maandazi mmoja wa Hangzhou aliposikia, akakata tonge mbili za unga, moja waziri na moja mkewe, akazibandika mgongo kwa mgongo, akazitupa kwenye mafuta yanayochemka. Mji mzima ukaja kununua. Kule kwao, aliongeza Nainai, hata kukaangwa hakutoshi: huwazungushia chapati nyembamba yenye majani ya vitunguu, kisha huwakandamiza kwenye chuma cha moto mpaka walie.

Nilikipenda sana chakula kile. Kilikuwa kama andazi la mama, ila hili lilikuwa na adui ndani.

Mlinzi wa jengo letu alikuwa Mkenya, Anko Wafula, mtu wa Bungoma. Meza yake ilikuwa pale chini karibu na mlango, na juu yake msumari wenye ufunguo wa paa. Kule juu ndiko tulikoanika nguo. Kanuni ilikuwa moja: ufunguo anao Wafula, anakufungulia, anakufungia. Watoto hawakuruhusiwa kabisa.

Alhamisi moja mwenye jengo alileta zulia la majlisi yake, chumba chake cha wageni, jekundu, limefuliwa, likaanikwa juu. Jioni ile nilihitaji sketi yangu ya michezo. Anko Wafula alikuwa nje anasaidia kushusha chupa za maji, nami sikuwa na subira ya kumngoja. Nikauchukua ufunguo, nikapanda, nikakusanya nguo zetu zote, na kwa kuwa mikono ilijaa nikauuma ufunguo kwa meno na kusukuma mlango wa paa kwa kisigino. Nikateremka, nikaweka nguo ndani, nikaurudisha ufunguo kwenye msumari. Mlango wa paa sikuufunga kwa ufunguo. Kufikia magharibi zulia halikuwepo.

Nani alilichukua, mpaka leo sijui. Lakini msimamizi wa jengo hakuhitaji kujua. Alikuja Ijumaa na suruali iliyopigwa pasi, akasimama mbele ya meza, akamwambia Anko Wafula kwamba ameliuza. Ufunguo si anao yeye? Mama yangu, ambaye alikuwa ndiyo anatoka zamu ya usiku na macho mekundu, akasimama katikati.

"Umemwona akiuza?" akauliza.

"Yimkin," akasema msimamizi. Huenda.

"Yimkin ni nini? Huyu ni mtu na familia yake. Unamfukuza kwa yimkin?"

"Khalas, mama. Khalas." Yamekwisha.

Nilikuwa nyuma ya mama, nimeshika mkoba wake. Anko Wafula alinitazama mara moja, kisha akatazama meza. "Ufunguo ulikuwa kwangu," akasema. "Hilo silikatai." Wakampa siku tatu mpaka tiketi yake itoke. Zama zile mwajiri akikukataa hapa hukuwa na pa kwenda ila nyumbani, na kila mtu pale alilijua hilo.

Nilipanda nikilia kwa hasira, nikamwambia Mei, na Mei akamwambia bibi yake. Nainai akachukua bakuli. Akakanda unga. Alipoufinyanga, Mei akapiga kelele: "Huyu ni msimamizi!" Tukacheka. Tukamwona akizama, akiibuka, akivimba, akigeuka rangi, na nawaambia ukweli, sijawahi kula kitu kwa furaha ile. Nainai aliivunja jozi katikati. Nusu ya waziri akampa Mei, ya mke akanipa mimi.

Nikauliza mke alikosa nini, maana kwenye hadithi sikumsikia akifanya chochote. Mei akatafsiri swali. Nainai alikaa ananitazama, mkono wake una unga mpaka kwenye kiwiko, halafu akajibu maneno machache.

"Anasema alikuwa anajua," Mei akasema.

Nikaendelea kutafuna.

Kwa miaka mingi nimekisimulia kisa hiki kama habari ya msimamizi dhalimu, na dhalimu alikuwa. Nilikuwa mtu mzima, niko kwenye foleni ya benki, siwazi chochote cha maana, ndipo nilipokumbuka kwamba Alhamisi ile Nainai ndiye aliyenishikia mlango wetu, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa nguo. Aliuona ufunguo mdomoni mwangu. Nikaona haya, kisha nikapandwa na hasira mpya, juu yake yeye. Kama ulijua, bibi, mbona hukwenda kusema? Ulikuwa na mwana mhandisi, baba yake Mei, mwenye Kiingereza safi. Ulikuwa na miaka sabini. Ukanipikia fumbo, mimi mtoto wa miaka tisa, ukangoja nilifumbue! Na msiniambie kwamba mtoto hakosei. Mtoto yule alijua kabisa mlango uliachwa na nani, na alikuwa na ulimi, kwa sababu ndio aliokuwa akimwonjea yule mke.

Nilipotoka kwenye ile hoteli nilitafuta namba ya Anko Wafula kwa Wakenya wa hapa. Iliwachukua siku mbili kuipata. Yuko Bungoma, anafuga kuku. Nilipompigia niliwasikia nyuma yake. Nikamwambia yote kwa mkupuo, ufunguo, kisigino, mlango, nisije nikaogopa katikati.

"Mimi si nilikuona ukirudisha ufunguo?" akasema.

Nikamuuliza kwa nini basi hakunitaja.

"Nitaje mtoto wa wenyewe? Wangemshika mama yako. Nyinyi mlikuwa mnaishi kwa karatasi yake ya kazi." Nikamsikia akifukuza kuku. "Lakini nilikungoja. Zile siku tatu nilikuwa nimekaa pale chini na begi langu. Kila nikisikia viatu vya shule kwenye ngazi, nasema, sasa huyo anakuja, atasema mwenyewe. Hukuja. Ulikuwa mgonjwa?"

Sikuwa mgonjwa. Siku zile tatu nilikuwa nikishukia ngazi za nyuma, zile za kutolea takataka, na hilo pia ilinibidi nimwambie.