Jina la Baba Likawa la Kike

Baba yangu anaitwa Hija Mfaume. Ni fundi wa vitanda na makabati pale Keko, na mwakani anatimiza miaka sabini. Alizaliwa Mfungo Tatu, mahujaji wakiwa Makka, na babu akaona jina la mtoto limeshajileta lenyewe. Wakati huo Temeke ilikuwa na wanaume wengi walioitwa hivyo. Timu yao ya mtaani ilikuwa nao watatu, ikabidi waongezewe majina: Hija Mrefu, Hija Mswaki, na baba, ambaye mpaka leo wazee wenzake wanamwita Hija Kushoto kwa sababu ya mguu aliokuwa akipigia mpira.

Sijui ni lini hasa jina hilo lilihamia kwa wasichana. Mie ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilipoanza kazi, darasani kwangu kulikuwa na Hija wawili, wote wa kike. Mwaka uliofuata wakawa wanne. Mvulana, hakuna hata mmoja. Baba mwenyewe hakuwa na habari mpaka siku nilipompeleka kliniki ya macho.

"Bi Hija Mfaume!" akaita muuguzi, binti mdogo tu.

Baba akainuka. Yule binti akatazama kadi, kisha akamtazama baba na ndevu zake nyeupe.

"Shikamoo, baba. Mgonjwa yuko wapi? Mwambie mama aje mwenyewe."

"Marahaba. Mama yupi, mwanangu? Hija ndiye mie."

Benchi zima likacheka. Kwenye kadi walikuwa wamemwandika KE. Muuguzi aliomba radhi mpaka akakaribia kulia. Alisema ana mdogo wake wa kike anaitwa Hija, na hajawahi kusikia mwanamume mwenye jina hilo.

"Mpe salamu zangu," baba akamwambia.

Njiani alicheka peke yake mara mbili tatu. Halafu akaitoa ile kadi, akawa anaitazama mpaka tukafika Keko.

Mwaka huohuo mke wangu Raudha akajifungua mtoto wa kiume, wetu wa kwanza. Kwetu sie, mtoto wa kwanza wa kiume anachukua jina la babu mzaa baba. Hata halijadiliwagi. Lakini mie nashinda na watoto kutwa nzima, nimeshaona jinsi wanavyoweza kumtesa mwenzao kwa sababu ya jina. Nikamfuata baba karakana.

"Baba, mtoto nataka kumwita Farhan."

Alikuwa anapiga msasa mguu wa meza. Mkono ukasimama.

"Farhan," akasema. "Zuri."

Akaendelea kupiga msasa palepale, sehemu ileile, mpaka nikaona sasa anaharibu. Sikueleza sababu, naye hakuuliza.

Siku ya akika alileta kitanda cha mtoto, cha mninga, kimenyooka na kung'aa kuliko kitu chochote nilichowahi kuona kikitoka mikononi mwake. Nikakisifu mbele ya wageni. Mama ndiye aliyenivuta pembeni.

"Ule ubao wa kichwani, Suhaib, unaona ulivyo mwembamba? Alikuwa ameshachonga jina lake pale tangu Raudha ana mimba ya miezi saba, alipoambiwa ni wa kiume. Juzi kakaa na randa, kaliondoa lote."

Wageni walipoondoka nikamwendea, nikamwambia tubadilishe jina. Akatikisa kichwa.

"Mtoto keshaitwa mbele ya watu, mwache na jina lake. Ulimhurumia mwanao. Mie ningekuwa wewe, labda ningefanya hivyohivyo." Kisha, bila kunitazama: "Ila ungeniambia sababu. Nisingekukatalia."

Nilikaa na maneno hayo miaka mitatu. Nikimwona anambembeleza Farhan, tena kwa mapenzi yote, nilikuwa najisikia vibaya zaidi.

Halafu akazaliwa binti. Raudha alikuwa hajamaliza hata kumfuta vizuri, akaniambia, "Huyu ni Hija. Usinibishie." Nani angebisha? Aliyebisha ni baba.

"Haiwezekani," alisema, siku wazee walipokutana sebuleni kwetu. "Binti wa kwanza ni wa bibi mzaa mama, hii ni zamu ya Bi Mwanaasha. Mie siwezi kumpokonya mtu somo yake, wajina wake."

Bi Mwanaasha ni mama mkwe wangu, wa Vingunguti. Mama huyo hamung'unyi maneno. Akaweka kikombe chini.

"Baba Suhaib, haya majina yetu ya Mwana-Mwana mabinti wa leo wanayafichaga. Wakifika sekondari wanajiita Asha. Mpeni Hija. Jina zuri, tena la kike hasa."

"La kike!" Baba akashika kiuno. "Bi Mwanaasha, mie nimetembea nalo zaidi ya miaka sitini!"

"Na umelitunza. Sasa mwachie mwenzio naye alivae."

Baba alicheka mpaka akavua miwani, na alipojifuta macho nikaona si kicheko peke yake. Akamchukua mtoto kwa Raudha, akamweka kifuani, akamwita taratibu, kama anayejaribu iwapo jina linamkaa. "Hija. We, Hija." Mtoto akapiga chafya.

Sasa binti ana miaka miwili. Hamwiti babu. Baba kamfundisha amwite somo, yeye anatamka "Omo", na Raudha akijaribu kumrekebisha mzee anakasirika kweli. Kila Ijumaa asubuhi anakuja mwenyewe kumchukua. Wanakwenda kununua vitumbua mtaa wa pili, mmoja kapunguza hatua, mwingine kashika kidole, wakigombania nani abebe mfuko.