Nilizoea kupiga picha vunjajungu na mwezi, baba akaniomba nimpige yeye

Wakuu, salamu kwenu nyote. Hii sio chai ya kutunga, imetokea nyumbani kwetu mwaka huu. Picha sitaweka, mtanisamehe, mtaelewa mbele.

Kuna swali lililoninyima usingizi kwa muda mrefu: nikimpiga baba picha aliyoniomba, nitakuwa nimemheshimu, au nitakuwa nimemzika kabla hajafa?

Kwanza mnijue. Mimi ni binti, chuo nimemaliza, kazi bado natafuta. Ni mtu wa kuwaza kupita kiasi. Mtu akinijibu "sawa" peke yake kwenye simu, nitakaa siku nzima nikijiuliza nimemkosea nini.

Kinachonituliza ni kamera. Ni ya mtumba, na lenzi ya kupigia vitu vidogo. Asubuhi napiga wadudu kwenye maua ya mama hapa Magomeni, kabla jua halijawapa nguvu ya kuruka. Mwezi ukijaa naupiga. Nyota za Dar ni za kubahatisha, taa zimezidi. Nikipata nafasi napiga ndege za zamani, zile za panga boi puani. (Za ndege omba ruhusa kwanza. Msiniulize nimejuaje.)

Watu nilikuwa sipigi kabisa.

Mdudu hakwambii "futa hiyo, nimefumba macho". Mwezi hauulizi mbona umeutoa mnene. Mtu anakutazama, na mimi nikitazamwa nasahau hata pa kubonyeza.

Sasa baba. Alikuwa na duka la sufuria Kariakoo. Wateja walimwita Mangi, kama wanavyoitwa Wachaga wengi wenye maduka. Aliugua, tukaenda hospitali na kurudi, mpaka daktari akatuita pembeni na kutuambia kwa upole kwamba sasa tukae naye nyumbani.

Siku moja amejilaza kwenye kochi, akataka aone ninachohangaika nacho kila asubuhi kwenye maua. Nikampa simu. Ilikuwa picha ya vunjajungu, nimemvuta karibu mpaka macho yake yanakutazama.

Baba akaishika muda mrefu.

"Kumbe ana uso," akasema.

Halafu, bila kuniangalia: "Nipige na mimi hivyo. Ile ya kutangulia mbele."

Mliowahi kusindikiza msiba mnaijua. Ni ile picha ya fremu inayobebwa pamoja na msalaba, jeneza likifuata nyuma. Shangazi yangu alipofariki hakuwa na picha nzuri, ikabidi wamkate kwenye picha ya harusi ya jirani. Ikatoka na bega la mtu mwingine, gauni la lesi, hadi leo hatujui la nani. Baba alilitazama lile bega njia nzima mpaka Moshi kwetu, tulikokwenda kumzika.

"Mimi msije mkanikata kwenye harusi ya mtu," akaniambia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Baba Neema, acha uchuro. Na wewe Neema, nisikuone na hiyo kamera humu ndani."

Hapo ndipo usingizi ulipokatika, wakuu.

Nikipiga, halafu akafariki wiki hiyo, mama atasema nilikiita kifo. Nisipopiga, tutakuza ile ya kitambulisho, ambayo baba anaonekana kama mtu anayetafutwa na polisi. Na kama nikipiga ikatoka vibaya? Mdudu ukimkosa leo, kesho kuna mwingine.

Basi nikaanza visingizio. Leo kuna mawingu. Leo betri haina chaji. Mwisho nikamwambia tusubiri apate nafuu kidogo, mashavu yarudi.

Baba akanitazama. "Neema, yule mdudu ulimsubiri anenepe?"

Nilicheka, nikaenda chooni nikalia.

Jumapili moja asubuhi nikamkuta amekaa kitandani, amenyoa ndevu mwenyewe. Mkono wake wakati ule ulikuwa hauwezi hata kushika kikombe cha uji vizuri. Kidevu kilikuwa na mikato midogo, na povu limebaki sikioni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Twende dukani."

Hakunikumbusha picha. Nikachukua kamera.

Tulienda kwa bajaji. Mama alikuja kwa sababu hakuweza kumwacha, ila njia nzima alitazama nje. Jumapili Kariakoo inapumua kidogo. Nikapandisha mlango wa duka nusu, mwanga wa barabarani ukaingia laini. Baba akakaa kwenye kigoda, sufuria zimepangwa nyuma yake mpaka juu.

Nilipoinua tu kamera, akakakamaa. Kitambulisho kile kile. Na mimi nikaanza kuzungusha lenzi bila sababu.

Ndipo akatokea jirani yake wa duka, mzee wa Kipare anayeuza mabeseni. Wapare na sisi ni watani, na mtani anaruhusiwa kusema yale ambayo sisi wengine tunayameza.

"Mangi! Umekuja kuhesabu sufuria? Hatujaiba hata moja. Tulikuwa tunasubiri upoe kwanza."

Nikamtazama mama. Nilijua mama atamrukia.

Mzee akainama chini ya mlango, akaona kamera. "Aaa, ndiyo hiyo ya kutembea nayo mpaka Moshi? Piga vizuri, binti. Lakini mbona kanyoa hivi, na shati limenyooshwa? Watu watadhani tunazika bwana harusi."

Kisha nikasikia mama anacheka. Mama yangu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo, alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango, machozi yanatoka.

"Basi kama ni bwana harusi," akasema, "kola ikae sawa."

Akamwendea, akamrekebishia kola. Baba akainua uso kumtazama, naye anacheka.

Wanaopiga wadudu mnajua: unabana pumzi, na ukianza kufikiri, kiumbe kimesharuka. Sikufikiri. Nikabonyeza.

Baadaye nikampiga na nyingine, peke yake, ametulia, hakuna mtu pembeni. Nazo zilikuwa nzuri.

Baba alifariki kabla masika hayajaisha.

Kesho yake nikaenda kwa kijana mmoja wa Kariakoo anayesafisha picha na kuweka fremu. Nyumbani watu wananisubiri, safari ya Moshi inapangwa. Nikamfungulia ile ya kucheka.

"Sista, hii kali. Pole sana. Ila kuna mkono wa mtu hapa kwenye kola. Nautoa sasa hivi. Na hizo sufuria nakuwekea mawingu na njiwa, wengi wanapenda."

Zile za peke yake zilikuwa kwenye kadi hiyo hiyo. Na baba, kwa nilivyomwelewa, hakutaka kutokea na kipande cha mtu.

Lakini alisema tusimkate kwenye harusi ya mtu. Hii ilikuwa yake.

"Uache mkono," nikamwambia. "Na sufuria ziache."

"Una uhakika?"

Wakuu, swali hilo huwa linanimaliza hata nikichagua soksi.

"Nina uhakika."

Ikatangulia mbele hivyo hivyo mpaka Moshi.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Mzazi akikuomba umpige picha, usisubiri mwanga, usisubiri mashavu. Na uchuro, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba aliondoka akiwa amepata alichoomba.

Mnaoamini uchuro, na ninyi mnaoona nilikosea kuuacha ule mkono, andikeni hapa bila kunionea huruma. Nitasoma zote, na kwa jinsi ninavyojijua, nitaziwaza sana.

Ila picha ipo sebuleni, na mkono wa mama upo.